Upande wa Kusini

Kabla hatujaung'oa, Delphina Antone hufunga utepe mwekundu
ubavuni mwa mpungate, upande unaotazama kusini.
"Usiugeuze," ananiambia kila asubuhi,
kana kwamba jana sikusikia, wala juzi.
Ngozi ya kusini imeshapikwa na jua.
Ya kaskazini bado ni laini,
ukiigeuza itababuka kama paja la mtoto.

Barabara ya kwenda Sells inapanuliwa.
Mipungate kumi na tisa imo njiani
na dereva wa winchi ni mimi.

Huu wa leo una mikono miwili.
Mkono wa kwanza hauoti kabla ya miaka sitini,
hivyo tunayemfunga minyororo iliyovishwa vipande vya zulia
ni mzee aliyeitangulia lami.
Alilelewa kivulini mwa mti wa paloverde,
kisha akamnywea mlezi wake maji yote.
Kisiki bado kipo, kikavu.
Kulea kuna malipo yake.

Zamani nilidhani mizizi imezama hadi kuzimu.
La. Iko kiganja kimoja tu chini ya changarawe,
imetandazwa pande zote kama mkeka
wa kumngoja mgeni asiyetoa taarifa.
Naye akija huja kwa fujo, nusu saa, ananuka kreosoti,
na mizizi huota vinywele vipya
kabla tope halijakauka kwenye magurudumu yangu.
Mpungate hunywa bila kuvuta pumzi.
Marinda yake hufunguka moja moja,
kama sketi ya shule ya msichana anayekua.
Niliwahi kuuzungushia kamba Juni, na tena Agosti:
kamba haikufika. Ilipungua shibiri nzima.

Wageni hudhani ni pipa,
kwamba ukitoboa yatachuruzika.
Nimekata kipande cha uliovunjwa na radi:
nyama nyeupe, chungu, yenye utelezi wa bamia,
na maji yameng'ang'ania humo
hayatoki hata ukikamua kwa mikono miwili.

Mchana umefumba vinyweleo vyote.
Hupumua usiku tu,
kama mdaiwa anayetoka nyumbani gizani.

Chini ya kwapa kigogota ametoboa tundu.
Jeraha limejishonea ganda gumu ndani kwa ndani
lisivuje hata tone.
Bibi yangu aliweka chumvi yake katika kovu kama hilo,
aliliokota mti ulipooza, kovu likabaki.

Winchi inaguna.
Tani nne, na zaidi ya tatu ni maji:
mvua za kabla sijaoa,
zimesimama wima ndani ya miiba.
Sijawahi kubeba kitu polepole hivi.

Ng'ambo ya korongo tunausimika, utepe kusini.
Kijana mpya wa kampuni anakuja mbio na mpira wa maji.
Delphina anaukanyaga mpira.
"Mizizi imekatwa, ina vidonda. Ukiunywesha leo unauozesha.
Uache na kiu. Kiu inaujua."

Namuuliza, tutajuaje kama umeshika?
Anapangusa jasho kwa ncha ya utepe uliobaki.
"Hatutajua.
Utakuwa kijani mwaka huu, na mwakani.
Mei utachanua, popo watakuja,
Juni tutaangua matunda kwa ufito wa mbavu za marehemu mwingine,
shira itachemka, utalamba vidole,
na huenda siku zote hizo unakufa,
unakula akiba.
Miaka mitano. Saba.
Mama yangu alikuwa hivyo."

Hasemi zaidi. Anaelekea kwenye mpungate wa kumi na mbili.

Kwenye fomu kuna visanduku viwili:
hai, au umekufa.
Natia alama kwenye hai,
kwa penseli.